Vikombe Vitatu Dirishani

Katika nchi ya chai, kutoka Kericho mpaka kule Boito, watu wanajua kusifu mikono. Mwanamke anayejaza kikapu mara tatu kabla ya saa sita, jina lake linatajwa hata kanisani. Lakini jicho hakuna anayelisifu, kwa sababu jicho haliwekwi kwenye mizani. Ndiyo sababu hadithi ya Lenah mke wa Kebaso inafaa kuandikwa. Huyu alisifiwa kwa jicho, na aliyemsifu ni mtu ambaye kwa desturi hakupaswa hata kumtazama usoni sana, baba mkwe wake.

Lenah alitoka Kisii kuja kuolewa mwaka wa themanini na nne. Baba mkwe wake, Mzee Ombui, alikuwa nyapara wa wachumaji kwa miaka thelathini katika shamba kubwa la chai, na hakuchelewa kazini hata siku moja, jua liwake mvua inyeshe. Alipostaafu alinunua shamba dogo kwenye njia ya kwenda Kipkelion, akapanda mahindi na mistari michache ya chai yake mwenyewe, akafuga ng'ombe wawili wa maziwa. Nyumba ya wazee ilikuwa juu, nyumba ya Kebaso na Lenah chini, na jiko moja katikati. Jiko hilo lilikuwa la Lenah, ingawa mama mkwe wake, Nyanchoka, aliamini mpaka mwisho kwamba ni lake.

Kebaso alikuwa fundi wa mashine za kukaushia chai kiwandani. Lenah naye, baada ya kuchuma miaka miwili, aliitwa kuosha vikombe katika chumba cha kuonjea. Watu wengi wanakunywa chai maisha yao yote bila kujua chumba hicho kipo. Kina meza ndefu chini ya dirisha kubwa ambalo jua haliingii moja kwa moja, na juu ya meza kuna vikombe vyeupe vimepangwa kama watoto wa shule asubuhi. Kila chai inayotengenezwa inapimwa, inamwagiwa maji ya moto, inahesabiwa dakika, halafu inamiminwa kwenye bakuli jeupe. Ndipo anakuja mwonjaji na kijiko chake, anavuta kwa kelele kama ng'ombe mwenye kiu, anazungusha mdomoni na kutema kwenye ndoo. Chai akiipitisha, inapelekwa mnadani Mombasa.

Mwonjaji wao alikuwa Alexander, Mkipsigis mrefu, mpole, asiyevuta sigara wala kula vitunguu kwa ajili ya ulimi wake. Siku moja alimkuta Lenah amesimama na kitambaa, anaangalia bakuli moja.

"Unaona nini, Mama Makori?" alimuuliza, akimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza.

"Hii ya tano imelala," Lenah alisema. "Zile nyingine zinacheka, hii imelala."

Meneja wa kiwanda, aliyekuwa amesimama karibu, alicheka. Alexander hakucheka. Alionja, akatema, akatuma mtu kwenye mashine. Ilipatikana mikeka ya kuchachushia majani haikuoshwa vizuri usiku uliopita. Tangu siku hiyo Alexander akamfundisha kila kitu anachojua kuhusu rangi. Alimwambia, "Jicho linaonja kabla ya ulimi. Na ukiwa na shaka, usiangalie kitu kimoja peke yake. Weka na mwenzake kando, kwenye mwanga mmoja, kwenye kikombe cha aina moja. Halafu ngoja kitulie." Maneno hayo Lenah aliyashika kama kauli ya Biblia.

Sasa Mzee Ombui alikuwa mgonjwa wa figo. Mwaka wa tisini alizimia akikama, akapelekwa hospitali, wakasema presha imemkalia miaka mingi bila yeye kujua, na imezichakaza figo. Hazitapona, walimwambia, lakini akizitunza zitampeleka mbali. Chumvi kidogo, nyama kidogo, vidonge kila siku, kliniki kila mwezi. Mzee alifuata hayo kama alivyofuata saa ya kazi. Kitu kimoja tu alikataa kuacha, kiko chake cha tumbaku. Na kitu kimoja aliongeza bila kumwambia daktari, maji ya gome la mti.

Gome lilitoka kwa Kipkurui, jirani na rafiki yake wa miaka mingi, Mkipsigis aliyekuwa akipita na kifurushi mara moja kwa mwezi. "Hili limesafisha figo za baba yangu na za babu," alikuwa akisema. Lenah ndiye aliyelichemsha kila Jumapili, kwa sababu Jumamosi ni Sabato yao na moto haukuwashwa. Maji yake yalikuwa mekundu ya kahawia, mazito, yanashika sufuria mpaka uisugue kwa majivu.

Kwa hiyo mkojo wa Mzee ulipoanza kuwa mwekundu, mwanzoni mwa mwaka wa tisini na tano, hakuna aliyeshtuka. Mzee alisema ni gome. Nyanchoka alisema ni gome. Walipouliza kwenye zahanati, kijana mmoja wa koti jeupe hakuuliza habari za gome, aliangalia tu kadi iliyoandikwa figo, akasema, "Huyu ni mgonjwa wa figo, mama. Mkojo wake hauwezi kuwa kama wa mtoto mchanga. Kuna maumivu?" Hakukuwa na maumivu. "Basi endeleeni na vidonge." Nao wakaendelea.

Lenah hayo hakuyajua, na hakutakiwa kuyajua. Wakisii wana heshima yao wanayoiita chinsoni. Mke wa mwana na baba mkwe hawapeani mikono, mke haingii chumba anacholala mzee, hataji mwili wake, na kopo lake la kukojolea usiku ndilo kabisa hagusi. Kopo hilo, la enameli, jeupe ndani, lilibebwa na Nyanchoka kila asubuhi kupelekwa chooni, hata na magoti yake mabovu.

Asubuhi moja ya Mei, mvua ikiwa imenyesha siku nne mfululizo, Nyanchoka aliteleza kwenye matope nyuma ya jiko. Lenah alisikia kishindo akatoka mbio. Mama mkwe wake alikuwa amekaa chini, mguu mmoja huku mwingine kule, lakini mkono wa kulia ameunyoosha juu na kopo limesimama wima. Aliangusha mwili, hakuangusha kopo.

"Usiangalie!" Nyanchoka alipiga kelele.

Lenah alikuwa ameshaangalia. Jicho la miaka tisa haliwezi kuambiwa lisione. Alimwinua mama mkwe, akamkalisha kwenye gogo, akampangusa matope ya uso kwa leso yake mwenyewe mpaka yakatoka. Halafu akasema polepole:

"Mama, hii imekuwa hivi tangu lini?"

"Ni gome la Kipkurui. Linapaka rangi kila kitu."

"Gome nachemsha mimi. Naijua rangi yake. Hii siyo."

"Ehee!" Nyanchoka alimtazama juu mpaka chini. "Uliolewa hapa kuonja chai ama kuonja watu?"

Lenah alimnawisha mikono, akaenda kazini. Lakini siku nzima kiwandani rangi ile ilimkaa machoni. Maji ya gome ni mekundu kama udongo. Ile aliyoiona ilikuwa nyekundu kama kitu kilicho hai. Alexander alimwona akipanga mabakuli ovyo, akamuuliza kama anaumwa. Jioni hiyo kabla ya kutoka, Lenah alimwomba vikombe vitatu vilivyopasuka midomo, vile vinavyotupwa. Alexander akampa, bila kuuliza ni vya nini.

Siku ya pili yake alimfuata Nyanchoka shambani kwenye mboga.

"Mama, mimi sitaki kumvunjia Tata heshima." Tata ndivyo Wakisii wanavyomwita baba. "Nataka tu kujua. Kama ni gome, nitapiga magoti nikuombe msamaha mbele ya wamama wa kanisa. Nimeleta vikombe vyeupe kutoka kazini. Tumnyime gome wiki moja tuone."

Nyanchoka alichuma majani mawili matatu ya sukuma wiki. Alikuwa mwanamke mkali, lakini alimpenda mume wake, na usiku alikuwa akimsikia akiamka mara nne, mara tano. Mwishowe akasema, "Wiki ni ndefu, na Kipkurui atauliza. Mimi nina njia fupi. Kama gome linapaka mkojo rangi, litanipaka na mimi. Nitakunywa mimi."

"Mama!"

"Unaniogopea wewe? Yeye figo mbovu, mimi figo nzima. Nitakunywa kikombe kwa kikombe naye, siku mbili. Halafu ulete hivyo vibakuli vyako vya Wazungu."

Na alikunywa, akikunja uso, akimlaani Kipkurui na ukoo wake wote kwa upendo. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, Mzee akiwa ameenda kuangalia mahindi, wanawake hao wawili walipanga vikombe vitatu vyeupe kwenye dirisha la jiko, upande ambao jua haliingii. Cha kwanza maji ya gome. Cha pili cha Nyanchoka. Cha tatu cha Mzee Ombui. Mtu angepita hapo angedhani wanacheza kama watoto. Nyanchoka mwenyewe alifunika uso kwa leso.

"Miaka hamsini na nane," alisema, "na hakuna mtu aliyewahi kuona maji yangu. Leo yako dirishani kama ya mnada."

"Yako ni mazuri, Mama. Yanacheka."

"Nyamaza, mtoto wewe."

Maji ya gome yalikuwa mekundu. Ya Nyanchoka, pamoja na gome lote alilokunywa, yalikuwa ya njano, kama ya mtu yeyote. Ya Mzee yalikuwa mekundu.

"Ngoja yatulie," Lenah alisema, kama Alexander.

Walingoja. Walimenya viazi vya chakula cha mchana. Viazi vilipoisha, Lenah aliinama dirishani. Kikombe cha gome kilikuwa vilevile, chekundu juu mpaka chini, kwa sababu rangi ya mti imeyeyuka na maji. Lakini kikombe cha Mzee kilikuwa kimejigawa. Juu njano hafifu. Chini, kwenye sakafu nyeupe ya kikombe, wekundu ulikuwa umekaa kama vumbi la matofali, na ndani yake kuna uzi mweusi mwembamba.

Nyanchoka hakuhitaji kuelezwa. "Ni damu," alisema.

Kumwambia Mzee ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Nyanchoka alijaribu usiku huo, akafukuzwa na maneno mafupi: mgonjwa wa figo hapasuliwi, kila mtu anajua, na yeye hataenda kulazwa akarudi kwenye sanduku. Basi Lenah akamwambia mume wake.

Kebaso aliweka kijiko chini. "Umeangalia mkojo wa baba yangu?"

"Nimeangalia kikombe."

"Lenah! Watu wakisikia?"

"Watu watasikia nini? Kwamba mzee alikufa na bibi ya mtoto wake alijua akanyamaza kwa heshima? Hiyo heshima tutaizika naye."

"Wewe umekuwa daktari siku hizi."

"Mimi si daktari. Mimi ni mwosha vikombe. Na wewe ni fundi. Ukiona mafuta chini ya mashine, unasema mashine imezeeka ama unatafuta inapovuja?"

Kebaso alijua mke wake amesema kweli. Lakini kwenda kwa baba yake kumwambia, alishindwa. Alizunguka siku tatu kama kuku anayetafuta mahali pa kutagia. Na kwenye kopo la asubuhi, Nyanchoka alisema, siku nyingine rangi inapotea kabisa, halafu inarudi zaidi.

Alasiri ya nne mvua ya mawe ilikuja, ile ya Kericho inayopiga mabati mpaka watu wanaacha kuongea. Mvua ilipopungua, Lenah alichukua kigoda, akavuka uwanja, akakiweka nje ya mlango wa nyumba ya wazee, chini ya paa. Akakaa mgongo wake ukiwa mlangoni na uso wake kwenye nyasi za ng'ombe. Ndani alimsikia Mzee akigonga kiko chake kwenye mguu wa kiti.

"Tata, ni mimi Lenah. Sitaingia na sitageuka."

Kiko kiliacha kugonga.

"Nina neno la kuvunja chinsoni. Kama ni aibu, aibu ni yangu, usimpe Mama wala Kebaso. Tata, unakojoa damu. Siyo gome. Mama alikunywa gome siku mbili na yake ni safi. Yako nimeiweka kwenye kikombe cheupe ikatulia, na damu ikakaa chini. Miaka tisa naangalia rangi, na hiyo kazi najua kama wewe ulivyojua kikapu chenye majani magumu chini bila kukimwaga. Hospitali ya misheni kule Bomet wana madaktari wa kuangalia. Ukitaka nirudi kwetu kwa sababu ya haya maneno, nitarudi. Lakini nenda kwanza, halafu unifukuze."

Kulikuwa na maji tu yakidondoka kutoka kwenye paa. Lenah aliyahesabu matone mpaka akachoka. 

Halafu sauti ya Mzee ikatoka ndani, kavu.

"Nyanchoka alikunywa lile gome?"

"Alikunywa, Tata."

"Lote?"

"Kikombe kwa kikombe."

Kiko kiligonga tena mara moja. Halafu kitu ambacho Lenah hakukitegemea: mzee alicheka, kicheko kifupi cha puani. "Miaka mitano nimemlazimisha aonje tu, akakataa." Akakohoa. "Mwambie Kebaso atafute gari Jumatatu. Na kigoda chako kitoe hapo, kinalowa."

Walienda na pikapu ya jirani anayepeleka maziwa, Mzee mbele, Nyanchoka katikati, Lenah na Kebaso nyuma na makopo matupu ya maziwa. Nyanchoka alikuwa amebeba chupa mbili kwenye kikapu, zimefungwa kwa kitambaa kama mayai: moja ya gome, moja ya Mzee ya asubuhi hiyo.

Daktari alikuwa kijana, jina lake Kiplimo, mtoto wa huko huko Bomet. Alisoma kadi ya kliniki, akauliza maswali, na Nyanchoka akazitoa zile chupa mezani na kueleza. Lenah alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, lakini mlango ulikuwa wazi.

"Subirini," daktari alisema. "Nani alifikiria kufanya hivi?"

Nyanchoka alifungua mdomo, lakini Mzee Ombui ndiye aliyejibu, tena kwa sauti ya nyapara anayeita majina asubuhi.

"Mkamwana wangu. Anaitwa Lenah. Anafanya kazi katika chumba cha kuonjea chai, na hakosei."

Lenah, kwenye benchi, aliinamisha kichwa. Miaka kumi na moja alikuwa ameishi katika boma hilo, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kusikia jina lake likitoka mdomoni mwa mzee huyo. Mpaka hapo alikuwa Mama Makori, au yule wa Kebaso.

Daktari Kiplimo alitoka nje akampa mkono. Akamwambia, na akarudia baadaye kwa wote, kwa Kiswahili cha polepole, kitu ambacho Lenah hakukisahau. Mtu ambaye figo zake zimechoka kwa muda mrefu, kansa ya njia ya mkojo humpata zaidi kuliko mtu mwenye figo nzima. Na ikimpata, inajificha nyuma ya ugonjwa wa zamani. Mgonjwa anasema ni figo, jamaa wanasema ni figo, hata sisi wa koti jeupe tunasema ni figo. Damu isiyouma ndiyo ya kuogopa, kwa sababu haimsumbui mtu mpaka imechelewa.

"Na ikichelewa kwa mtu kama Mzee," alisema, "mikono yetu imefungwa. Dawa kali za kansa, nyingine zinatoka mwilini kupitia figo, na figo zikiwa mbovu dawa inageuka sumu. Hata rangi tunayodunga kwa picha ya eksirei inaweza kuzimaliza. Kwa hivyo yeye hawezi kungoja kama wengine. Inabidi tuikamate ikiwa ndogo."

Mzee alifanyiwa picha ya skani isiyotumia rangi. Halafu akadungwa sindano ya mgongo, na daktari akapitisha mrija mwembamba wenye taa mpaka kwenye kibofu. Hakukatwa popote. Huko ndani aliona uvimbe umeota kama ua la koliflawa, ukubwa wa harage. Akaukwangua wote, akapeleka kipande Nairobi kuchunguzwa.

Kwenye kitanda cha pili wodini alilala mtu wa Sotik anayeitwa Nyaberi, mdogo kwa Ombui kwa miaka kumi. Naye alikuwa mgonjwa wa figo, naye alikojoa damu, miaka miwili, akiambiwa ni figo. Uvimbe wake ulikuwa umeshika nyama ya kibofu na kuziba mkojo pande zote mbili, na zile figo zilizobaki zikazama. Wazee hao wawili walizoeana. Walipigana maneno kuhusu nani alichuma chai bora, Kericho au Sotik. Siku ya tisa Nyaberi hakuamka. Mzee Ombui aliomba kitambaa chake kiwekwe juu ya blanketi la mwenzake, halafu akatoa kiko kwenye mfuko wa koti, akampa Kebaso. "Katupe hiki," alisema. "Daktari amesema kinahusika." Na hakuvuta tena.

Majibu ya Nairobi yalikuja baada ya wiki tano. Wiki hizo tano Lenah hakupanga bakuli hata moja bila kuomba. Alijua kabisa kinachongojewa: kama uvimbe haukuingia kwenye nyama ya kibofu, mzee ataishi. Kama umeingia, hakuna dawa ambayo figo zake zingeweza kuibeba. Siku daktari alipopiga simu kiwandani alikuwa kazini. Kebaso aliipokea ofisini, akaja akikimbia mpaka mlango wa chumba cha kuonjea, mahali ambapo fundi mwenye mafuta haruhusiwi, akasimama hapo akipumua.

"Haujaingia," alisema. "Ulikuwa juu tu. Daktari anasema tungechelewa mwaka mmoja, ingekuwa habari nyingine."

Alexander aliweka kijiko chake chini. Ndipo alipoambiwa vile vikombe vitatu vilikuwa vya nini. Aliangalia meza yake nyeupe ya heshima, halafu akasema, "Mama Makori, natumaini hutavirudisha."

Kipkurui naye alikuja na kifurushi chake mwisho wa mwezi, akaambiwa daktari amekataza gome. Alisikitika kweli. "Basi dawa yangu imebeba lawama ya damu bure," alisema.

"Haikubeba lawama," Nyanchoka alimjibu. "Ilikuwa kifuniko. Ilifunika chungu tusione kinachoungua. Kaa ule ugali."

Ni kweli walivyosema wahenga: mficha ugonjwa, kifo humuumbua. Lakini hapa aliyeficha hakuwa mtu. Ugonjwa ulijificha nyuma ya ugonjwa, na aliyeufichua ni mwanamke wa darasa la saba na vikombe vilivyopasuka.

Watu walisema, ndiyo. Wako wanawake kanisani walionong'ona kwamba Lenah amevuka mpaka. Nyanchoka alisimama siku moja baada ya ibada, akajishika kiuno. "Nani ana neno na mkamwana wangu? Aje anywe gome kwanza, aweke maji yake dirishani, halafu tuongee." Hakuna aliyekuja.

Daktari alisema kansa ya namna hiyo ina tabia ya kurudi, kwa hivyo Mzee aangaliwe kila miezi mitatu, halafu sita. Aliangaliwa. Na nyumbani akaanzisha desturi yake mwenyewe, ambayo haikuwahi kuwepo kwa Wakisii wala kwa Wakipsigis. Kila Jumapili asubuhi alitoka na kikombe kimoja cheupe, akakiweka kwenye jiwe karibu na kisima, akarudi mpaka kwenye mlango wake. Akiwa amegeuka nyuma, uso kwa mlango, aliita kwa nguvu:

"Wa kuonja! Chai imefika!"

Lenah alitoka jikoni, akaenda kwenye jiwe, akangoja itulie, akaangalia. Hakumtazama Mzee, na Mzee hakumtazama. Heshima ilibaki palepale, imesogea tu kidogo ili mtu aishi.

Mwaka wa tisini na saba, Jumapili moja ya Septemba, alisema, "Tata, chini kuna uzi." Hawakubishana wala kungoja hata siku ya kliniki. Jumatano walikuwa Bomet, na Daktari Kiplimo akakuta kidoti kidogo kama kichwa cha kiberiti. Akakikwangua, na Mzee akarudi nyumbani Ijumaa, kabla ya Sabato.

Figo zake hazikupona, kama walivyoambiwa tangu mwanzo. Zilikwenda zikichoka polepole, kama mzee apandaye mlima akipumzika kila kona. Lakini zilimpeleka. Alimwona Makori akimaliza shule ya msingi. Mwaka wa tisini na tisa alikuwa akishinda kwenye mistari yake mwenyewe ya chai, akiwakaripia wachumaji wanaobeba majani magumu.

Jumapili ya mwisho ya mwaka huo, karne ikiwa karibu kugeuka na watu wakisema dunia itaisha, kikombe kilikuwa juu ya jiwe kama kawaida na Mzee amegeukia mlango wake.

"Wa kuonja! Chai imefika!"

Lenah alitoka akijifuta unga mikononi. Aliinama. Akangoja. Maji yalikuwa ya njano, safi juu mpaka chini, na sakafu ya kikombe nyeupe kama siku kilipotoka kiwandani.

"Inacheka, Tata."

"Hakuna iliyolala?"

"Hakuna."

Mzee Ombui aliupiga mlango kwa kiganja, kama nyapara anayepitisha kikapu.

"Basi ipeleke mnadani Mombasa," alisema, na akaingia ndani kutafuta chai ya kunywa.